Sahani ya Jirani Hairudi Tupu

Katika uchochoro wa akina Nasima, pale Kiponda, sahani hazikujua kwao ni wapi. Ya Bi Salhiya ililala kwa Bi Mwanaasha, bakuli la Bi Mwanaasha likapanda ghorofani kwa Mzee Mbarouk muuza viungo, na sinia la Mzee Mbarouk lilizunguka mtaa mzima mpaka mwenyewe akawa halitambui tena. Kila alasiri, mapishi yakishaiva, milango ilifunguka na watoto wakatoka, kila mmoja na chombo kilichofunikwa kawa. Walipishana kwa ubavu, maana njia yenyewe watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi.

Nyumbani kwao, kazi hiyo ilikuwa ya Nasima, msichana wa miaka kumi na miwili. Akirudi skuli alikula, akampa bibi yake, Bi Time, kidonge cha moyo, akaenda chuoni kusoma Kurani. Kidonge kile kilikuwa amana yake. Mapigo ya moyo wa Bi Time yalikuwa hayaendi sawa, na daktari alieleza kwamba dawa ile inazuia damu isigande ndani ya mishipa. Baba alikuwa kazini Pemba, na Mama alifua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Shangani mpaka jioni, kwa hivyo kidonge cha mchana kilikuwa juu ya Nasima, naye hakuwahi kukisahau.

Akirudi chuoni, alimkuta Bi Time keshavipanga vyombo vya watu sakafuni kama wanafunzi wa darasa.

"Hiki chenye maua mekundu cha nani?" Bi Time humuuliza.

"Cha Bi Salhiya."

"Alituletea nini?"

"Visheti."

"Na sisi tunamrudishia nini?"

"Kaimati. Na kama hatuna kitu, Bibi?"

"Hakuna nyumba isiyo na kitu. Tia ndimu. Tia hata chumvi. Sahani ya jirani hairudi tupu, mwanangu. Ikirudi tupu ni kama umemfungia mlango usoni."

Bi Time alikijua kila chombo cha uchochoro ule, kwa ufa wake na kwa mwenyewe. Watu walikuwa wakimletea vyombo vilivyopotea avitambue, na akivishika tu, anasema ni vya nani na vilinunuliwa kwa harusi ya nani.

Halafu vyombo vikaanza kupotea njia. Sahani ya maua mekundu ikapelekwa kwa Mzee Mbarouk. Watu wakacheka. Bakuli la Bi Mwanaasha likarudi kwake na mchele mbichi ndani. Watu wakacheka, lakini kidogo. Siku moja Bi Time akatia chumvi kwenye shira ya kaimati badala ya sukari, na hapo hakuna aliyecheka. Nasima alimwona bibi yake amesimama jikoni, kijiko mkononi, kama mtu aliyefika stendi asijue anakwenda wapi.

Lililomchoma Nasima lilikuja Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa amekaa mbele ya bibi yake, anamchana nywele. Bi Time akageuka, akamtazama kwa upole, akamshika kidevu.

"We mtoto mzuri," akasema. "Wa nani wewe?"

Mama alimpeleka Bi Time hospitali, na Nasima alikwenda pamoja nao. Daktari Amne, aliyekuwa akimtibu moyo, alimpima na kumuuliza maswali, kisha akaeleza kwamba ule ni ugonjwa wa kusahau, unaowapata baadhi ya wazee. Si uvivu, si uchawi, wala si deni la uzee ambalo kila mtu lazima alilipe. "Dawa ya kuumaliza haijapatikana," alisema. "Lakini tutamsaidia."

Nasima alisikia ile "haijapatikana" tu. Njia nzima ya kurudi alikuwa ameuma meno. Haijapatikana kwa sababu hawajatafuta sawasawa, alijiambia. Mimi nitaitafuta, na Bibi atanijua.

Wiki ile ile, katika somo la sayansi, Mwalimu Yussuf alikuwa akieleza manufaa ya mimea. "Dawa nyingi zilianza kwenye mmea," alisema. "Hata dawa moja wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa kusahau, kiini chake kilipatikana katika vitunguu vya maua yanayoota nchi za baridi."

Nasima akainua kichwa. Mwalimu aliendelea kusema, "Lakini kutoka kwenye ua mpaka kwenye kidonge ni safari ndefu," lakini Nasima hakuwapo tena. Mwili ulikuwa darasani, moyo ulishafika dukani kwa Mzee Mbarouk.

"Unasikiliza lakini?" Usi alimnong'oneza. Usi alikuwa mjukuu wa Bi Salhiya, wakikaa dawati moja na uchochoro mmoja. "Mwalimu anakutazama."

"Nshasikia."

"Ulichosikia nusu."

"Nusu yanitosha."

Mzee Mbarouk alikuwa na duka dogo lililojaa makopo na magunia, na harufu yake ikikuingia puani asubuhi unashinda nayo. Alimsikiliza Nasima mpaka mwisho, akakuna ndevu.

"Mimi si tabibu, mjukuu wangu," alisema. "Ila manjano haya ya kutia mchuzini nimesikia redioni kwamba wataalamu wanayachunguza maabara kwa mambo hayo ya ubongo. Wamefika wapi sijui. Mtilie kwenye maziwa, kijiko kimoja cha chai, basi." Akampimia manjano kwenye karatasi, akakataa kulipwa.

Mama alipoyaona maziwa ya manjano alisema, "Kidogo hivi hayana neno. Lakini usizidishe, na usiongeze kitu bila kunambia." Nasima akaitikia.

Ingeishia hapo, lakini dirisha la Bi Salhiya lilikuwa juu ya duka la Mzee Mbarouk. Bi Salhiya alikuwa mwanamke mwema, mkono wazi, mwenye huruma, ila neno likiingia sikioni mwake halikai, linatafuta mlango wa kutokea. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulijua kwamba mjukuu wa Bi Time anamtafutia bibi yake dawa ya kumbukumbu.

Basi sahani zikabadilika. Nasima alipeleka maandazi kwa Bi Salhiya, sahani ikarudi na thomu, yaani kitunguu saumu, iliyotwangwa na asali. Alipeleka mbaazi kwa Bi Mwanaasha, bakuli likarudi na unga wa mwani kutoka Jambiani, ambako dada zake wanalima mwani pwani. "Huu uko safi," Bi Mwanaasha alisema. "Mpe kila siku, usikatize." Mwengine alirudisha habasoda, zile mbegu nyeusi, mwengine tangawizi iliyosagwa, mwengine majani makavu ambayo hata yeye hakulijua jina lake, alisema aliyapata kwa mtu anayeaminika.

Nasima angekataaje? Sahani ya jirani haikuja tupu, na kilichomo si kitu cha kutupa. Tena kila mwenye sahani alikuwa na swali lake. Akipita chini ya dirisha: "Nasima, umempa ile yangu?" Akipita barazani: "Kala mwani wangu leo?" Angesema hapana, ingekuwa ugomvi. Angesema ndiyo na hakumpa, ingekuwa uongo. Kwa hivyo alimpa vyote. Alivificha ndani ya kikapu uvunguni mwa kitanda, na kila alasiri, Mama akiwa kazini, alichanganya kwenye jagi, akakoroga, akakaa na bibi yake mpaka tone la mwisho.

"Uchungu," Bi Time alilalamika.

"Kunywa, Bibi. Ukimaliza utanijua."

Usi alichungulia jagi siku moja, akarudi nyuma. "Manjano, thomu, tangawizi. Bado tui la nazi tu, bibi yako awe mchuzi."

"Cheka tu. Utaona."

Na kweli ikaja siku ya kuona. Asubuhi moja Bi Time alitoka chumbani, akatazama huku na huku, akasema kwa sauti yake ya zamani, "Nasima, mbona hujafagia uwanja?" Nasima aliudondosha ufagio akamkumbatia kiuno. Habari ikatoka, na jioni barazani ikawa vita.

"Thomu hiyo," alisema Bi Salhiya. "Nlikwambieni."

"Thomu gani? Mwani ule," akajibu Bi Mwanaasha. "Thomu imemtoa harufu tu, maskini."

"Mwani wenyewe umefika jana, utafanya kazi lini?"

Hakuna aliyefikiria kwamba ugonjwa ule una siku zake nzuri na siku zake mbaya, dawa iwepo au isiwepo. Nasima ndiye aliyekuwa hataki kabisa kufikiri hivyo. Alizidisha vijiko.

Ikafika siku ya kurudi kwa Daktari Amne. Daktari alisikiliza moyo wa Bi Time, akamtazama macho, kisha akauliza, "Zaidi ya kidonge cha moyo, kuna dawa nyingine yoyote anayotumia? Za dukani au za mitishamba?"

"Hakuna," Mama akasema. "Manjano kidogo tu kwenye maziwa."

Daktari akamgeukia Nasima. "Wewe ndiye unayekaa naye mchana. Kuna kitu kingine?"

Nasima aliangalia viatu vyake. Thomu ni chakula, si dawa, alijisemea. Na nikisema, watanikataza, na Bibi atanisahau tena.

"Hakuna," akasema.

Siku zilizofuata aliona madoa meusi yenye ubuluu kwenye mikono ya bibi yake. Alimwonyesha Bi Salhiya, naye akasema, "Kajigonga. Ngozi ya mzee nyepesi kama ya kitunguu." Kisha akaona mate mekundu Bi Time aliposukutua. Moyo wake ulistuka, lakini alijituliza. Amekaribia kunijua, alifikiri, si wakati wa kuacha.

Ijumaa, baada ya swala, nyumba ilikuwa imejaa kama kawaida yake. Mama alikuwa na mapumziko, Bi Salhiya alikuwa akisimulia habari za harusi ya Malindi, Bi Mwanaasha akimkatiza kila neno la pili, na Usi akisubiri biriani ya watu. Bi Time alipiga chafya. Damu ikatoka puani. Akaifuta kwa ncha ya kanga, ikatoka tena. Haikuwa ya tone kwa tone. Ilitiririka.

"Mwinueni kichwa juu," alisema Bi Salhiya.

"Mpakeni ndimu kwenye paji," alisema Bi Mwanaasha.

"Asiinuliwe," Nasima alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Tumefundishwa skuli. Ainame mbele, abanwe pua hapa kwenye nyama laini, apumue kwa mdomo." Akambana bibi yake pua kwa vidole vyake, akahesabu moyoni. Walingoja. Alipoachia, damu ikaendelea vile vile. Kanga ya Bi Time, nyeupe yenye miraba, ilikuwa imebadilika rangi kifuani.

Mama alikuwa tayari amevaa buibui. "Usi, kimbia barabarani ukatafute gari. Tunakwenda hospitali."

Nasima alitazama jagi lililokuwa kwenye rafu. Halafu akaikumbuka sauti ya daktari: kidonge kile kinazuia damu isigande. Kinazuia damu isigande. Na damu hii imekataa kuganda.

Angesema, Mama angejua. Bi Salhiya na Bi Mwanaasha, waliosimama pale na nyuso za huruma, wangejua mbele za watu kwamba sahani zao zimemfikisha Bi Time hapa. Asingesema, daktari angekuwa anatafuta gizani. Alimtazama bibi yake, ambaye alikuwa akiishangaa damu yake kama damu ya mtu mwengine. Akaingia chumbani, akapiga magoti, akakivuta kikapu kutoka uvunguni.

"Kikapu cha nini saa hizi?" Mama aliuliza.

"Cha daktari," Nasima akasema. "Nitakwambia njiani, Mama. Nimekosa."

Njiani alisema yote. Mama aliendelea kumbana Bi Time pua, lakini mkono wake mwengine aliuweka juu ya goti la Nasima na kuukaza. Nasima hakujua kama ni ghadhabu au ni kumtuliza. Pengine vyote viwili.

Hospitali, Nasima hakungoja kuulizwa. Alikiweka kikapu mezani kwa Daktari Amne, akatoa kimoja kimoja: manjano, thomu, tangawizi, habasoda, mwani, majani yasiyo na jina.

"Uliponiuliza, mimi ndiye nlokuwa na jibu," alisema. "Nikakwambia hakuna. Nampa vyote hivi kila siku, na kwa wingi."

Daktari alivitazama vile vitu, akamtazama na yeye. "Umefanya vizuri kuvileta. Kugombana tutagombana baadaye, sasa tufanye kazi." Akamwita muuguzi, akaagiza damu ya Bi Time ipimwe inachukua muda gani kuganda, akaagiza na sindano ya kuisaidia damu kuganda. "Sasa najua ninachokitafuta," alisema. "Bila ya kikapu hiki ningepoteza wakati."

Damu ilisita kabla ya magharibi. Bi Time alilazwa, aangaliwe. Siku ya pili, Daktari Amne aliwaita Nasima na Mama wakae naye kwenye benchi la nje ya wodi.

"Nimekulia Malindi mimi," alianza. "Thomu na manjano nimeyala kabla sijaota meno. Ukitia kwenye pilau, hayana neno. Lakini ukimnywesha mtu kwa wingi, kila siku, juu ya kidonge kinachozuia damu kuganda, vyote vinaweza kuvuta upande mmoja. Kidonge kinavuta kamba, thomu inavuta, tangawizi inavuta, manjano yanavuta. Mwisho kamba inakatika."

"Na mwani?" Nasima aliuliza.

"Sijui. Na yale majani sijui hata ni ya nini. Daktari akisema sijui, ni sababu ya kusubiri, si sababu ya kujaribu kwa mgonjwa."

"Lakini Mwalimu Yussuf alisema dawa zinatoka kwenye mimea. Alisema ipo hata ya kusahau, imetoka kwenye ua."

"Alisema kweli. Alisema nini baada ya hapo?"

Nasima alisikia masikioni sauti ya Usi: ulichosikia nusu.

"Basi nusu ya pili nitakupa mimi," alisema daktari. "Ndani ya mmea mmoja mna viini vingi, kama watu ndani ya nyumba moja. Mmoja anasaidia, mwengine hana kazi, mwengine anadhuru. Wataalamu walikitafuta kile kinachosaidia, wakakitenga, wakapima kiasi gani kinafaa na kiasi gani ni sumu, wakakijaribu kwa miaka na miaka kabla hakijaitwa dawa. Na hata hiyo haiponyi. Inawasaidia baadhi ya wagonjwa, kwa muda. Kwa moyo kama wa bibi yako, mimi mwenyewe ningefikiri sana kabla ya kuianza. Manjano nayo yanachunguzwa. Maabarani yameonyesha mambo ya kutia tamaa, lakini kwa watu ushahidi bado hautoshi. Huenda siku moja ikapatikana dawa kubwa kwenye mmea unaoota nyuma ya nyumba yenu. Lakini ataipata atakayekuwa na subira ya kumaliza somo."

"Kwa hivyo hakuna cha kufanya," Nasima alisema, na machozi aliyoyazuia tangu jana yakashuka.

"Nimesema hivyo? Nimesema hakuna cha kumponya. Cha kufanya kipo, tena kazi kubwa. Atembee kila siku. Alale vizuri. Presha yake iangaliwe. Apewe kazi za mikono anazozijua, na watu wa kuzungumza nao, asikae peke yake akitazama ukuta. Havitarudisha kilichopotea, lakini vitamsaidia kukishika kilichobaki. Utaweza?"

Nasima alijifuta uso kwa mtandio. "Nitaweza."

Kazi ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko zote. Nyumbani kulikuwa na vyombo vya watu, na kila kimoja kilipaswa kurudi kwa mwenyewe na maneno yasiyotamkika kirahisi. Mama alitaka kwenda naye. "Niache, Mama," Nasima alisema. "Nilivipokea mimi."

Mzee Mbarouk alitikisa kichwa tu. "Nlikwambia kijiko kimoja."

"Ulinambia. Mimi ndiye nilozidisha."

"Na mimi ilinipasa nikuulize kwanza bibi yako anakunywa dawa gani. Sikuuliza. Tumekosa wawili."

Bi Mwanaasha alilia, akaomba radhi, akataka kwenda hospitali saa ile ile. Lakini Bi Salhiya alikunja uso mlangoni, mikono kiunoni.

"Kwa hivyo mtaani nitaitwa mimi ndiye nlotaka kumuua Bi Time? Mwenzangu wa miaka yote hiyo?"

"Hasha, Bibi. Wewe ulileta kwa mapenzi. Aliyechanganya ni mimi, na aliyemficha daktari ni mimi. Nimekuja kukuomba usituletee dawa tena. Nakuomba uje wewe mwenyewe. Daktari kasema Bibi anataka watu wa kuzungumza naye, kila siku."

Uso wa Bi Salhiya ukaanza kukunjuka kidogo kidogo. "Kasema hivyo daktari? Kuzungumza?"

"Kasema hivyo."

Nyuma ya mlango Usi aliangua kicheko. "Kama dawa ni maneno, basi bibi yangu ni hospitali nzima."

"Nyamaza, we," alisema Bi Salhiya, lakini alishaanza kutafuta buibui lake.

Bi Time aliporudi, nyumba ilijaa kuliko zamani. Nasima aliwapangia watu zamu na hakumwonea haya mtu. Asubuhi Mzee Mbarouk alitembea na Bi Time mpaka Forodhani, polepole, wakarudi kabla ya jua kali. Mchana Bi Mwanaasha alimletea mchele wa kuchagua, na vidole vya Bi Time vilikuwa vikitoa mawe bila kukosea. Alasiri Bi Salhiya alikuja na habari zake, na akisimulia harusi ile ile kwa mara ya tatu, Bi Time aliisikia kama mpya, jambo lililowafurahisha wote wawili. Kidonge cha moyo kiliendelea kutolewa, na hakuna kilichoingia mdomoni mwa Bi Time kwa jina la dawa mpaka Daktari Amne ajue. Madoa ya mikononi yakafifia, yakaisha. Kumbukumbu haikurudi. Siku nyingine Bi Time alimwita Nasima kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Siku nyingine hakumwita jina lolote.

Alasiri moja Nasima alichukua sahani ya maua mekundu kuirudisha. Tangu mkasa ule, Bi Salhiya alikuwa amesema, nusu utani nusu kweli, "Yangu irudisheni tupu, tushachoka na mambo ya kutiana vitu." Kwa hivyo Nasima aliibeba ikiwa tupu, akapita mbele ya bibi yake aliyekuwa akichambua mchicha.

Mkono ukamshika pindo la gauni.

"Unakwenda wapi na chombo kitupu?" Bi Time aliuliza.

"Kwa Bi Salhiya, Bibi. Mwenyewe kasema irudi hivi hivi."

Bi Time alimtazama kwa jicho kali, lile la zamani, lililokuwa likivitambua vyombo vya mtaa mzima kwa ufa wake. Midomo ilitafuta jina la mtoto yule, ikalikosa. Lakini kitu kingine alikipata.

"Mjukuu wa Time hatoki na sahani tupu," akasema. Akachota mchicha alioumaliza kuuchambua, akauweka katikati ya maua mekundu, akaufunika kawa. "Haya, nenda. Watu wasiseme hukulelewa."

Nasima alisimama pale pale. Mjukuu wa Time. Lile swali la asubuhi ile ya Jumamosi, wa nani wewe, lilikuwa limejibiwa na mwenyewe aliyeliuliza.

Mama, aliyekuwa karudi kazini mapema na akivua viatu mlangoni, aliyaona yote. Alimsindikiza mwanawe mpaka nje, akamtengenezea kawa isianguke.

"Umemsikia bibi yako," alisema. "Sasa nisikilize na mimi. Mmea una nguvu, na kila chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru. Usimpe mgonjwa kitu kabla ya kuuliza wanaojua, hata ukiwa na mapenzi kiasi gani. Na daktari akikuuliza, lile swali lake ni sahani ya jirani. Ulimrudishia tupu mara moja, na uliona wapi ilitufikisha."

"Sitarudia, Mama."

"Najua. Nenda, mchicha usinyauke."

Nasima akavuka uchochoro. Juu dirishani, Bi Salhiya alikuwa keshaiona ile kawa, na alishaanza kumwambia mtu wa nyumba ya pili kuna nini ndani yake.